Sebuleni kuna watu: maneno ya staha kwenye tamthilia zetu

Hakuna mume hapa nchini anayemwambia mkewe "leo nahitaji tendo la ndoa". Hakuna. Nimeuliza watu, nimekaa vijiweni, nimeongea na mashangazi na bodaboda, sijakutana na nyumba hata moja inayoongea hivyo taa zikishazimwa. Lakini washa tiivii jioni ukutane na tamthilia yoyote ya mapenzi, mume kalala na singlendi yake, mke kajifunga kanga, mlango umefungwa, wako wawili tu, halafu yule mume anakohoa kidogo anasema, "Mke wangu, ni miezi mitatu sasa unaninyima tendo la ndoa, tatizo ni nini?" Mi hapo namwacha yule mume naanza kumwaza aliyeandika, nawaza huyu ndugu aliandika hii sentensi akiwa na nani kichwani.

Niseme kabisa kwamba tafsida, yaani kulisema jambo zito kwa maneno ya staha, naipenda sana. Nimekulia Tanga, mji ambao mtu mzima anaweza kukusema vibaya sebuleni kwako, ukamkaribisha chai, akaondoka, na wewe ukaja kushtuka ukiwa unaosha vikombe. Kwa hiyo sitaki mtu anielewe kwamba natetea matusi kwenye tiivii, hapana, nnachotetea ni kitu kingine kabisa. Tamthilia zetu hazina tatizo la kuwa na tafsida nyingi, zina tatizo la kuwa na tafsida moja. Ni ile ya ofisini, ya kliniki na gazetini, na wamegawiwa wahusika wote kama sare za shule: bibi kapewa, changudoa kapewa, mchungaji kapewa, kijana wa bodaboda naye kapewa. Wote wana "tendo la ndoa", wote wana "sehemu za siri", wote wana "mahusiano ya kimapenzi". Na mtu asiye na tafsida yake mwenyewe kwa kweli hana mdomo, tunamsikia tu anaongea.

Sasa kwa nini iko hivyo. Kwanza kabisa ni kwa sababu ya sebule. Tamthilia zetu zimeandikwa kwa ajili ya tiivii moja na watu wengi, yupo baba, yupo mama, wapo watoto, yupo dada wa kazi amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na wiki hii kaja mama mkwe kutoka kijijini amekaa kwenye kochi la mbele. Mwandishi anajua. Kwa hiyo wale wawili kitandani hata kama wako peke yao kwenye hadithi hawako peke yao hata kidogo, kuna mkwe anawasikiliza, na ndo maana yule mume anaongea vile, yule haongei na mkewe anaongea na mkwe wa watu huko Kimara au huko Kayole. Kenya hili limewekwa hadi kwenye kanuni za utangazaji, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku kinachorushwa kinatakiwa kiwe cha kutazamika na familia nzima, na tamthilia nyingi za Kiswahili zinarushwa jioni humo humo karibu na taarifa ya habari, yaani muda ambao nyumba imejaa kuliko muda mwingine wowote. Mi sioni ubaya wa kanuni hiyo. Naona tu kwamba waandishi wameichukulia kama ruhusa ya kuacha kufikiri.

Sababu ya pili ni historia, na hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi hawaiongelei. Tamthilia za Kiswahili za mambo ya ndani ya nyumba, zile zilizothubutu kugusa mimba na magonjwa, nyingi zilikuja zimeshikwa mkono na miradi ya afya. Kule Kenya mwaka 1987 kulikuwa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio, zote mbili za kupanga uzazi. Huku kwetu mwaka 1993 Radio Tanzania wakaanza Twende na Wakati, ni redio najua, lakini huwezi kuongelea tamthilia za tiivii bila kuitaja maana ndiyo iliyotufundisha namna ya kuongelea haya mambo hadharani. Mkwaju, dereva wa malori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka akamwacha. Ule mchezo ulisikilizwa karibu nchi nzima isipokuwa eneo la Dodoma, wenzetu wa Dodoma walipigiwa muziki muda huo mpaka 1995, makusudi, ili watafiti waje kulinganisha waliosikia na ambao hawakusikia. Ni kazi kubwa ile na iliokoa watu, hilo sina ubishi nalo.

Ila ilituachia lugha. Mtaalamu wa mradi ana orodha ya ujumbe, ujumbe unatakiwa ueleweke Kigoma na Mtwara, usimuudhi shehe wala askofu, kwa hiyo lazima litafutwe neno safi lisilo na kabila wala umri. Ndo tukapata "tumia kinga", tukapata "kituo cha afya kilicho karibu nawe", tukapata "uzazi wa majira", maneno mazuri kwa bango. Mwandishi aliyefuata akayachukua yale maneno ya bango akamwekea muuza samaki mdomoni. Na aliyemfuata yeye akadhani hiyo ndiyo lugha ya tamthilia.

Wakati watu wenyewe walikuwa wanaongea vingine kabisa. Ukimwi ulipoingia Kagera, wagonjwa wa kwanza wakatambuliwa mwaka 1983, watu wa kule waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivushwa mpakani kutoka Uganda. Hebu fikiria uzito wa hilo jina. Ndani yake kuna biashara, kuna magendo, kuna vijana wenye hela za ghafla na mabinti waliopenda kuvaa, hata lawama imo. Baadaye mijini tukawa na "kaukwaa", "kakanyaga waya", "ana ngoma", au mtu ananyanyua tu kidole kimoja kidogo anaangalia pembeni. Hizi nyingine ni katili sana, naomba zisirudi, lakini kila moja inakwambia anayesema ni nani na anamwogopa nani. "Anaishi na virusi vya Ukimwi" ni maneno ya heshima na daktari anatakiwa ayaseme hayo hayo. Jirani mmbea wa Manzese hawezi. Jirani mmbea atasema "yule naye, si unamwona alivyopungua", basi, amemaliza, na ukitaka ushahidi mwambie aongeze kitu uone atakavyokataa.

Kuna tamthilia moja ambayo nayo ilitokana na mradi wa afya ila ilijitahidi sana kutoka kwenye hilo bango, Siri ya Mtungi, ile ya 2012, ya Cheche mpiga picha wa Bagamoyo. Niliipenda tokea jina maana kila Mswahili anaumalizia mwenyewe, siri ya mtungi aijuaye kata. Mle ndani watu wanakwepana, wanaangaliana, wanaacha sentensi njiani, anayetembea nje ya ndoa huhitaji kuambiwa na mtu kwamba anatembea nje. Ukiangalia ile na ukaangalia nyingi tulizo nazo leo unajiuliza tulipotelea wapi.

Turudi kwenye ukoo sasa, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Tafsida ya Kiswahili haipimwi kwa neno, inapimwa kwa nani anamwambia nani. Chukua bibi. Kwenye tamthilia bibi ndo mtu wa staha kuliko wote, anakaa na tasbihi au na biblia yake, binti akikosea anaanza "mjukuu wangu, dunia hii ina mambo". Lakini sehemu nyingi za nchi hii bibi na wajukuu ni watani! Bibi anamwita mjukuu wa kiume "mume wangu", anamgombeza mkwe wa kike kwamba kamnyang'anya bwana, na mjukuu wa kike akiolewa bibi ndo anamuuliza mbele ya watu kama huyo mwanaume anaijua kazi au anajaza chumba tu. Bibi anasema yale ambayo mama hawezi kuyasema hata kwa kuchinjwa. Yaani mwandishi ana mtu ndani ya nyumba aliyeruhusiwa na mila kuvua kila pazia, na badala ya kumtumia anampa biblia amnyamazishe.

Mama na binti ndo hawasemeshani hayo mambo. Ndo maana kuna shangazi, ndo maana pwani kuna somo na kungwi, wale wanawake wanaowafunda mabinti. Mama akiona kitu anamwita wifi yake anamwambia "kaongee na mwanao", na "mwanao" hapo siyo bahati mbaya, anamkabidhi. Sini za mama amemkalisha binti kitandani anamweleza habari za mwili wake kwa dakika nne naziona zimetoka nchi nyingine, zimevalishwa dera tu. Najua kuna wanaosema inatakiwa tubadilike na mama aongee, sawa, mimi mwenyewe natamani, lakini basi tuonyesheni ugumu wake. Mwonyesheni yule mama anavyoanza, anaacha, anaulizia sabuni, anarudi, anasema "usicheze na wavulana" kisha anaona haikutosha. Maana hilo nalo limetuumiza, mabinti wangapi wameambiwa wasicheze na wavulana wakaacha rede na kombolela, na aliyewadhuru hakuwa anacheza wala hakuwa mvulana.

Halafu mama mkwe. Wallahi mama wakwe wa tiivii wananichosha. Chakula kiko mezani, watu wamekaa, mama mkwe anagonga meza, "Wewe mwanamke ni mgumba! Miaka minne huna mtoto!" Jamani, mama mkwe gani huyo? Mama mkwe ninayemjua mimi anapokea sahani, anashukuru, anasifia wali, kisha anamwambia mwanawe, "Mama fulani pale jirani kapata mjukuu wa pili juzi. Katoto kazuri, mashaallah." Anakula. Haongezi. Na mkwe yule mwenye sahani ya mboga mkononi kashaelewa kila kitu na hana pa kujitetea maana hajashtakiwa. Au anaingia, anaangalia kuta, anasema "nyumba nzuri, ila kimya". Hapo kuna sini nzima, muigizaji mzuri akipewa hayo maneno manne atakuliza. Ukimpa neno mgumba umempa fimbo, na kila mtu anajua fimbo inafanya nini.

Hata mimba yenyewe. Binti kwenye tamthilia anasimama katikati ya sebule ya mpenzi wake, "Mimi ni mjamzito na wewe ndiye baba wa mtoto." Anaongea kamili, na vituo vyake. Binti wa kweli wa Mbagala anasema "Sijaziona." Kijana anasema "Hujaziona nini?" na anajua, anajua kabisa, lakini anauliza kwa sababu akilisema yeye litakuwa lake. Binti ananyamaza. Hapo hapo ndoa imeamuliwa au imekataliwa, na hakuna neno chafu limesemwa, mama mkwe kwenye kochi la mbele hajaona aibu yoyote, watoto wadogo hawajaelewa, wakubwa wote wameelewa. Huo ndo ufundi ambao tunao bure nyumbani, na unatosha kwa kanuni yoyote ya utangazaji.

Kwenye kifo mambo ni mabaya zaidi. Daktari anatoka, anavua miwani, "Tumejitahidi kadri ya uwezo wetu, lakini Mungu amempenda zaidi," mtu anapiga kelele, muziki. Nimeona hiyo sini mara nyingi kiasi kwamba daktari akianza tu kuvua miwani nishajua. Lakini msiba kwetu unaletwaje? Unapigiwa simu. Uko kazini, anayepiga siyo mtu anayekupigiaga, ni baba mdogo au ni jirani. Anakuuliza uko wapi. Anakuuliza umekula. Anasema "mgonjwa hali yake imebadilika kidogo, we jitahidi uje nyumbani." Ukimuuliza imebadilikaje anasema "njoo tu, tutaongea ukija." Na safari nzima ndani ya daladala unajua na hujui, unajiambia kama angekuwa ameenda wangesema, huku ukijua kabisa ndo wamesema. Ukikata kona ya mtaa wenu ukaona viti vya kukodi, basi. Hakuna aliyekwambia amekufa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyebuni huo utaratibu, kama ni mtu mmoja, alikuwa na huruma sana, hakutaka uanguke barabarani peke yako. Sijawahi kuiona hiyo safari ya daladala kwenye tamthilia hata moja na siamini kama ni ghali kuliko hospitali, dawa za kuigiza na yule daktari wa kukodi.

Na ukiwa pale msibani maneno yanagawanyika tena. Mashehe wanasema katangulia mbele ya haki, kanisani amelala katika Bwana, kwenye kikundi cha wasap "ametutoka", vijana kijiweni wanasema mwana kavuta, na yule mama yake, huyo ndo nataka waandishi wamsikilize vizuri, mama mzazi ndo anapiga kelele "mwanangu kafa". Anayeumia kuliko wote ndo anaruhusiwa neno tupu.

Nipite haraka kwenye rushwa maana huko waandishi wetu wanajua, sijui kwa nini huko wanajua. Trafiki kwenye tamthilia hasemi "nipe rushwa", anasema jua kali leo, anaulizia ya maji, ya soda, Kenya watasema chai au kitu kidogo, na kila mtu anacheka. Vioja Mahakamani ya KBC imeishi miongo mingi kwa sehemu kubwa kwa hilo hilo, mshtakiwa anazunguka, anazunguka, hakimu anataka aseme kitu chenyewe, na mshtakiwa hasemi. Yaani tukiandika vichekesho masikio yanafunguka, tukiandika mapenzi yanaziba.

Kitu kingine ambacho mwandishi inabidi awe macho nacho ni kwamba haya maneno yanachakaa. Zamani ilikuwa hawara na kimada, makali, hayasemwi mbele ya watoto. Ikaja nyumba ndogo, ikatulia kidogo, ikawa na hadhi hata, mwanaume aliweza kuisema akitabasamu. Ikaja mchepuko, neno la barabarani kabisa, la wakandarasi wanapofunga njia kuu kupisha ujenzi, na likapendwa mpaka kampeni ya kupambana na Ukimwi ikalibeba, baki njia kuu, michepuko si dili. Leo mchepuko imekuwa mtu, "yule mchepuko wake", na linauma kama hawara lilivyouma. Kwa hiyo ukiandika mama wa miaka sitini anasema mchepuko na binti wa miaka ishirini anasema hawara umewabadilishia midomo, na mtazamaji anaweza asijue kitu gani kimemkera ila atakereka.

Kenya wana mpango wa kando, na hao ndo walionifundisha kwamba tafsida haikingi kila kitu. Mwaka 2013 lilitoka tangazo la televisheni kule, limeandikwa kama kipande cha tamthilia, wanawake wawili sokoni wanaongea, mmoja ana mume na ana mwingine, mwenzake anamshauri aweke kondomu mpangoni. Lugha laini kabisa, hakuna tusi. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, wakaja juu na tangazo likaondolewa hewani. Nimelifikiria sana lile. Nadhani watu hawakuudhiwa na maneno, wameyasikia kila siku kwenye matatu, waliudhiwa na utulivu wa wale wanawake wawili, kwamba wanaongelea jambo lile huku wananunua mboga na hakuna anayelia wala kuadhibiwa. Na kwangu utulivu ule ndo ulikuwa uandishi mzuri, watu wenye siri nzito huwa wanaiongelea wakifanya kitu kingine kwa mikono. Lakini naelewa pia mzazi aliyekuwa sebuleni na mtoto wa darasa la pili anayeuliza mpango wa kando ni nini.

Wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje nao wana kesi yao. TBC waliporusha Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, ile ya Kichina, watu waliipenda sana, hadi rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwezi Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Sasa wale kazi yao inabanwa na midomo ya watu. Mchina anafungua mdomo mara chache tu, kashamaliza. "Amekufa" ni silabi 4. "Amefariki dunia" ni 8. "Ametangulia mbele ya haki" ni 11, mdomo wa yule ndugu umeshafungwa zamani na sauti bado inatangulia. Kwa hiyo anayeingiza sauti mara nyingi analazimika kuchagua kati ya adabu na mdomo, na nikimsikia binti anamwambia baba mkwe "amekufa" namsamehe, najua alikuwa na nusu sekunde. Mwandishi wa hapa kwetu anayeandika kutoka mwanzo hana kisingizio hicho, ana muda wote.

Lakini kuna sehemu moja ambayo mimi nataka tafsida ipasuke, na ipasuke mbele ya kamera, na hapa nasema kwa uchungu.

Mtoto akibakwa kwenye tamthilia zetu tunaambiwa "kafanyiwa kitendo kibaya", "kaharibiwa", "kaingiliwa". Mama analia, picha inakata, tunamwona mtuhumiwa na pingu, imeisha. Kwa mtoto mwenyewe kusema hivyo ni haki yake, hana maneno mengine, tumemnyima. Mahakama zenyewe zinajua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba mtoto aliyedhulumiwa anaweza kuona haya na woga kuyasimulia yale mbele ya watu, na kwamba mahakama za kule kwa ujumla zimekuwa zikiyapokea maneno kama "alinifanyia tabia mbaya". Wale ni majaji, kazi yao ni kupima ushahidi neno kwa neno, na wamekubali kusikia kilicho nyuma ya hayo maneno matatu. Nilipolisoma hilo niliwaza kwamba watu wa sheria wameisikiliza tafsida ya mtoto kwa makini kuliko sisi tunaoandika hadithi.

Ila mtu mzima siyo mtoto. Mama akisema "kitendo kibaya", baba akasema "jambo lile", mjumbe wa nyumba kumi akasema "yaliyotokea", kila mmoja anampa aliyetenda nafasi ya kupumua. Si mnajua linavyokwenda, wazee wanakutana, "tuyamalize kifamilia", "tusiharibu jina la nyumba", inatolewa mbuzi au hela, na muda wote huo neno lenyewe halijatajwa na mtu. Halijatajwa kwa hiyo halijatokea. Sheria inalo hilo neno, Tanzania tuna sheria ya makosa ya kujamiiana tangu 1998, Kenya wana ya kwao ya 2006, ila kwenye kile kikao cha wazee hakuna anayeifungua. Tafsida hapo haimstahi mtoto, inamstahi mjomba.

Sini ninayoitaka ni ya kituo cha polisi. Dawati la jinsia na watoto. Meza, askari wa kike, rejista, fomu ya polisi ya PF3 ambayo bila kuijaza hospitali kunaweza kuwa na maswali. Mama ameshika mkono wa binti yake wa miaka tisa. Askari anauliza kimetokea nini. Mama anasema mtoto amefanyiwa kitendo kibaya. Askari anauliza, kwa upole, kitendo gani mama, maana mimi hapa naandika. Mama anasema "si unajua". Askari anasema "najua, lakini lazima uniambie wewe." Kisha kamera ikae. Ikae kwa yule mama, muigizaji apewe muda, mwalike muigizaji mzoefu siyo mrembo wa instagramu, aangalie dari, amfunike mtoto masikio kwa viganja vyake viwili, na alitamke neno. Kabaka. Jina la aliyebaka. Uhusiano wake na mtoto. Moja baada ya lingine, kwa sauti ya kawaida, na askari anaandika.

Mkwe wa watu aliyeko kwenye kochi atashtuka, najua. Atajikohoza, pengine atasema badilisheni chaneli. Lakini lile neno ni la saa 1 na nusu jioni kabisa, halina uchi ndani yake wala halifundishi mtoto ubaya wowote, na mtoto aliyekaa chini kwenye mkeka atakuwa amesikia mtu mzima, mama wa mtu, akilisema kwa polisi na polisi akiendelea kuandika. Kwa muongozaji atakayeichukua naomba kitu kimoja tu, asiweke muziki hapo.